Usimzike buibui wako kabla hajafa

Najua kwamba baadhi yenu mtacheka mkisoma kichwa cha makala haya. Mtauliza, je, wagonjwa wetu wamekwisha kupata dawa na vitanda hospitalini hata tuanze kushughulikia afya ya buibui? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, yeyote anayemfungia kiumbe ndani ya sanduku la kioo, akamnyima nafasi ya kujitafutia maji, chakula na kivuli, amejitwika jukumu la kumtunza, awe ni ng'ombe wa gredi au awe ni buibui. Tena ipo sababu nyingine inayohusu afya yako wewe mwenyewe na watoto wako, nayo nitaifikia.

Buibui ninayemzungumzia si yule mdogo anayetanda utando pembeni mwa dari. Ni tarantula, yule mkubwa mwenye manyoya, ambaye akinyoosha miguu aweza kufunika kiganja cha mtu mzima. Kwa miaka mingi sasa watu wa Uingereza, Ujerumani na Marekani wamekuwa wakimfuga nyumbani jinsi sisi tunavyofuga paka. Wengi wa hao wanaofugwa asili yao ni Mexico, Chile na Brazil, lakini wapo pia wa kwetu. Yule wa kahawia anayeitwa na wataalamu Pelinobius muticus ni mwenyeji wa Kenya na Tanzania, na huchimba shimo refu ardhini akaishi humo. Waingereza humwita yeye na jamaa zake wa Afrika buibui wa nyani, kwa sababu miguu yao yafanana na vidole vya nyani. Katika miji yetu wafugaji wa namna hii ni wachache, lakini wapo, na wapo Wakenya walioko ng'ambo ambao wameingiwa na hamu hiyo.

Maoni yangu ni kwamba adui mkubwa wa buibui afugwaye si maradhi. Ni mwenye nyumba asiyeelewa anachokiona, na ambaye bado ana haraka ya kutibu. Tabia hiyo twaijua vyema. Mtoto akiumwa na tumbo usiku, kesho yake mzazi yuko dukani akinunua vidonge alivyosikia kwa jirani. Tofauti ni kwamba mtoto aweza kulia na kusema panapomwuma. Buibui hana sauti.

Chukua mfano wa buibui kulala chali. Mende akilala chali, twajua dawa imemshika. Kwa hivyo mtu akiamka asubuhi akamkuta tarantula wake amegeuka chali, miguu ikitazama juu, husema basi, ameniaga. Jamaa mmoja ninayemfahamu, aliyesomea Ujerumani, alinieleza jinsi alivyomfunga wake ndani ya gazeti na kumtupa kwenye pipa la taka. Mwenzake waliyekuwa wakiishi chumba kimoja ndiye aliyemwuliza kama alikuwa na hakika. Walipolifungua gazeti walikuta mguu mmoja bado unacheza. Gamba lilikuwa limekwisha kupasuka kifuani na buibui alikuwa anatoka, lakini kwa kule kuviringishwa na kubanwa, miguu miwili ilikuwa imekwama ndani. Aliishi siku mbili.

Ukweli ni kwamba tarantula hujivua gamba jinsi nyoka anavyojivua, na aghalabu hufanya kazi hiyo akiwa amelala chali. Gamba lake la nje ndilo mifupa yake. Halikui, kwa hivyo mwili ukizidi hauna budi kulipasua na kutoka. Mdogo hujivua mara kadhaa kwa mwaka. Mkubwa huenda akajivua mara moja tu kwa mwaka au akakaa zaidi ya hapo. Kabla ya siku hiyo hukataa chakula kwa majuma, hata miezi. Rangi yake hufifia, na palipo na kipara tumboni hugeuka peusi. Wengine hutandika utando chini kama mkeka, kisha hulala juu yake. Shughuli yenyewe yaweza kuchukua dakika chache kwa aliye mdogo, au saa nyingi kwa aliye mkubwa.

Wakati huo wewe huna kazi yoyote ya kufanya isipokuwa kukaa mbali. Usimguse, usimgeuze, usimnyunyizie maji, wala usiwaite majirani waje wagonge kioo. Ukiwa ulikuwa umemwachia nyenje au panzi aliye hai, mtoe polepole kabla kazi haijaanza, kwa maana buibui aliyetoka kwenye gamba ni laini kama ugali wa moto na nyenje aweza kumtafuna. Hata meno yake ya sumu huwa meupe na teketeke. Usimlishe mpaka meno hayo yawe meusi, jambo ambalo kwa mkubwa huchukua juma moja hadi mawili.

Kuna mkao mwingine ambao ndio unaopaswa kukutia wasiwasi. Huo ni wakati buibui amesimama kama kawaida, tumbo likiwa chini, lakini miguu yote imejikunja na kuingia uvunguni mwa mwili wake kama ngumi inayofungwa. Ili uelewe maana yake, yafaa ujue jinsi mguu wa buibui unavyofanya kazi. Una misuli ya kuukunja, lakini katika viungo vyake vikubwa hauna misuli ya kuunyoosha. Hunyooshwa kwa nguvu ya damu inayosukumwa ndani yake, kama breki za gari zinavyosukumwa na mafuta. Breki zikivuja, unajua kitakachotokea. Presha ya damu ya buibui ikishuka, miguu hujikunja yenyewe. Buibui wa namna hiyo hajivui gamba. Amekaukiwa na maji, au amevuja damu, au yu karibu kufa.

Kiu ndiyo inayofaa kufikiriwa kwanza, nayo ndiyo rahisi kuitibu. Tazama tumbo lake. La buibui mwenye afya ni la mviringo, limejaa. La mwenye kiu limenywea na kufanya mikunjo kama embe lililosahauliwa juani. Kwa wanaoishi Mombasa au Kisumu, ambako joto hukausha sanduku kwa siku chache, hili ni jambo la kuangaliwa kila mara. Hata Nairobi, sanduku la kioo likiachwa dirishani penye jua la mchana hugeuka jiko kwa muda mfupi sana.

Dawa ya kiu ni maji. Weka kisahani kisicho na kina, mweke buibui ili sehemu yake ya mbele iwe juu ya maji, kisha mwache. Kinywa chake kiko chini, nyuma ya yale meno ya sumu. Lakini angalia sana tumbo lisizame, kwa sababu mapafu yake, ambayo ni manne, yako upande wa chini wa tumbo. Wapo wanaomwosha buibui mgonjwa kwa maji kama wanaoosha gari, wakashangaa amekufa. Ni kweli amekufa, maana wamemzamisha.

Kuna pia desturi ambayo imeenea sana kwa wafugaji wa ng'ambo. Buibui yeyote anayeonekana mnyonge hutiwa ndani ya kopo lililotandikwa karatasi iliyolowa, kifuniko kikafungwa, likawekwa mahali pa joto. Wao hulilinganisha na chumba cha wagonjwa mahututi. Mimi sikubaliani nao. Kwa yule aliyekaukiwa na maji, saa chache za unyevu huenda zikamfaa, mradi hewa inapita. Kwa mwingine yeyote, kopo hilo ni chumba cha ukungu na viini vya maradhi. Isitoshe, mwenye kopo hujiona amekwisha kutibu, akaacha kutafuta kiini cha ugonjwa.

Kutokula nako huwahangaisha watu bure. Sisi tumelelewa kuamini kwamba anayekataa chakula ni mgonjwa. Tarantula si hivyo. Yule wa Chile mwenye manyoya ya rangi ya waridi anafahamika kwa kufunga miezi mingi bila dhara lolote. Bora tumbo liwe limejaa na maji yapo, mwache afunge.

Kuanguka ni jambo zito zaidi. Ngozi ya tumbo la tarantula ni nyembamba, na mwili wake ni mzito. Akiteleza kutoka mkononi mwako ukiwa umesimama, tumbo laweza kupasuka kama nyanya. Ndiyo maana mimi siungi mkono mtindo wa kumbeba buibui begani ili kuwafurahisha wageni. Hapati raha yoyote kwa kushikwa. Hakutambui wala hakupendi, na hilo si kosa lake. Hata ndani ya sanduku, wale wanaoishi ardhini hawafai kuwekwa kwenye kioo kirefu chenye udongo kidogo chini, kwani hupanda ukutani na kuanguka. Ongeza udongo ili nafasi ya juu iwe ndogo.

Ukiona tone la maji mazito yenye rangi ya samawati hafifu, hiyo ndiyo damu yake. Yetu ni nyekundu kwa sababu ya chuma. Yake ina shaba. Jeraha likiwa dogo, mpakie wanga wa mahindi hapo hapo ili damu igande, au uzibe kwa tone dogo kabisa la ile gundi inayokauka haraka, ukihakikisha haigusi miguu wala mapafu. Kisha maji, giza na utulivu. Jeraha kubwa la tumbo halina tiba nyumbani. Mguu ukikatika, kwa upande mwingine, usilie. Buibui mara nyingine huukata mwenyewe ili kujiokoa, na akijivua gamba mara moja au mbili tatu utaota tena.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naamini ndilo hatari kubwa kwa anayefuga buibui katika mji wa Kenya. Ni dawa ya kuua wadudu. Katika nyumba zetu kuna ya mende, ya mbu na ya kunguni. Jirani akipuliza yake, harufu hupita chini ya mlango wako. Kuna dawa ya viroboto uliyompaka mbwa asubuhi na ambayo bado iko vidoleni mwako unapobadilisha maji ya buibui jioni. Dawa hizo zimetengenezwa kuua viumbe walio jamaa yake. Buibui anapoanza kutetemeka, kuyumba kama mlevi, kuchezesha miguu bila mpango na kushindwa kukamata nyenje aliye mbele yake, wafugaji wazoefu hushuku sumu, ijapokuwa chanzo cha hali hiyo hakijathibitishwa kila mara. La kufanya ni kumhamisha mara moja kwenye chombo safi chenye karatasi safi, mahali penye hewa, na kumpa maji. Baadhi hupona baada ya siku nyingi. Baadhi hawaponi.

Kwa sababu hiyo hiyo usimwokotee panzi shambani au kando ya barabara. Hujui mwenye shamba alinyunyiza nini juzi. Nzige walipoivamia nchi yetu kuanzia mwisho wa mwaka wa 2019, dawa zilinyunyizwa katika maeneo makubwa, na wadudu wengi waliolala chini baada ya hapo walikuwa wamebeba sumu. Nyenje waliofugwa ni salama zaidi, na siku hizi wapo wakulima humu nchini wanaowafuga.

Kuhusu utitiri, watu huogopa kupita kiasi. Wengi wa wale wadogo weupe wanaotambaa kwenye udongo hula mabaki ya chakula na hawamgusi buibui. Toa mabaki, badilisha udongo uweke mkavu, watakwisha. Kosa la kutisha ni kuchukua ule unga wa kuulia utitiri wa kuku na kuunyunyiza ndani ya sanduku. Utitiri utakufa na buibui atakufa pamoja nao.

Minyoo ni habari nyingine. Katika mwaka wa 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Riverside walitangaza aina mpya ya mnyoo mdogo mno, waliyempata vinywani mwa tarantula waliokuwa wakifa kwa mfugaji mmoja wa Los Angeles. Walimpa jina la mwigizaji Jeff Daniels, aliyeigiza katika filamu ya mwaka wa 1990 iliyohusu buibui wauaji. Wataalamu nao hupenda mzaha. Lakini ugonjwa wenyewe si mzaha. Buibui huonekana na ute mweupe kinywani, hushindwa kuyatumia meno yake, na hufa kwa njaa polepole. Tiba haijapatikana. Ukiuona ute huo, mtenge buibui huyo na wengine, usitumie koleo moja kwa wote, na unawe mikono kila unapotoka kwake.

Nilisema nitagusia afya yako. Tarantula wengi wa bara la Amerika wana manyoya makali tumboni ambayo huyapangusa kwa miguu ya nyuma na kuyarusha hewani wakichokozwa. Manyoya hayo huwasha ngozi na huweza kuingia machoni. Mnamo 2009 mtu mmoja wa Leeds, Uingereza, alifika hospitalini akiwa na jicho jekundu lililokataa kupona kwa dawa za kawaida. Madaktari walipolichunguza kwa vyombo vyao walikuta vinywele vyembamba vimechoma ndani ya jicho. Ndipo mgonjwa alipokumbuka kwamba majuma kadhaa nyuma alikuwa akisafisha sanduku la buibui wake wa Chile, naye buibui akamrushia manyoya usoni. Vinywele vingine vilikuwa vidogo mno visiweze kutolewa. Kwa hivyo vaa miwani unaposafisha, na ukienda kwa daktari wa macho mwambie wazi kwamba unafuga buibui, hata ukiona haya.

Wale wa Afrika hawana manyoya hayo. Wao huuma. Sumu yao haijulikani kuwa imemwua mtu, lakini maumivu ni makali, na aliyeumwa aweza kukazwa na misuli kwa siku kadhaa. Kule Australia imeandikwa kwamba mbwa walioumwa na tarantula wa huko walikufa katika muda wa saa mbili au chini yake. Ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo au mbwa, sanduku lisilo na kufuli halifai kuwa na mahali.

Ikiwa baada ya kusoma haya bado unamtaka buibui, tafadhali usiende kumchimbua Kibwezi au Voi. Kwanza ni kosa la jinai. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa sababu ya sisimizi. Naam, sisimizi, waliokuwa wakipelekwa kuuzwa kwa wafugaji wa ng'ambo. Aliyedhani kwamba sheria yetu ya wanyama pori ya 2013 ni ya ndovu na vifaru pekee amekwisha kuelimishwa. Pili, aliyetolewa porini huja na wageni wake: minyoo, na mabuu ya nzi ambao hukua ndani ya tumbo lake na siku moja hulipasua wakitoka. Hakuna mfugaji anayeweza kuwaona mapema.

Tena huko porini kiumbe huyo haombi msaada wetu. Katika Australia Magharibi mtafiti Barbara York Main alianza mwaka wa 1974 kuwafuatilia buibui wa jamii ya karibu na hawa, wale wanaoishi shimoni na kulifunika kwa kifuniko. Mmoja wao, aliyepewa namba 16, alikaa kwenye shimo lile lile miaka yote na akafa mwaka wa 2016 akiwa na umri wa miaka 43, yamkini kwa kuumwa na nyigu. Hakuna aliyempa dawa hata siku moja.

Kwa yule ambaye tayari anaye, tatizo linalobaki ni la daktari. Uingereza wapo madaktari wa wanyama wanaopokea buibui. Hapa kwetu si rahisi kumpata mmoja, wala sishangai, kwani ng'ombe, mbuzi na kuku ndio wanaolisha watu. Lakini nyuki nao hulisha watu, na nyenje wameanza kuwalisha kuku na binadamu. Magonjwa ya viumbe wasio na uti wa mgongo yanastahili vipindi zaidi katika masomo ya vijana wetu wa Kabete, na buibui wa mtaani atafaidika kwa makombo ya elimu hiyo.

Hadi wakati huo, weka daftari dogo kando ya sanduku. Siku utakapompata daktari aliye tayari kumtazama mgonjwa wako, atakuuliza mambo ambayo hakuna chombo kitakachompa jibu lake: alijivua gamba mara ya mwisho lini, alikunywa maji lini, nyenje wake walitoka wapi, na nyumba ilipulizwa dawa ya mende siku gani.